Kondoo wekundu wa Kimaasai: niingize dume la Dorper au niache?

Mfugaji_Longido

Habari za kazi wadau. Naomba ushauri kwa wanaowajua kondoo vizuri, maana matangazo ya Facebook yananichanganya.

Nina majike 60 wa kondoo wekundu wa Kimaasai, Longido, upande wa chini tunakopakana na nyanda za Amboseli. Mchana wanachungwa, usiku boma la miiba. Mvua ni vuli na masika, na kati ya hapo majani huisha kabisa. Jike mkubwa ana kilo 30 hadi 35. Shida ni mnadani: wanunuzi wanaovukisha mifugo Namanga wanataka kondoo mwenye damu ya Dorper, ile mbegu ya nyama ya Afrika Kusini, mwenye mgongo mpana na paja lililojaa, na bei wanayompa ni nzuri zaidi. Kuna shamba moja la nyanda za juu linauza madume wawili wa Dorper.

Naomba kujua: (1) nikiwapandisha majike wote, kondoo wangu watapoteza nini hasa? (2) Madume wawili wanahitajika kweli? (3) Nikijuta baadaye, naweza kurudi kwenye mbegu ya awali?

Dakt_Nyika

Mkuu, nianze na la pili kwa sababu ni jepesi. Usinunue wawili. Na usipandishe majike wote.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ametengenezwa na eneo lake lenyewe, yaani Kajiado, Narok, Longido, Monduli, Ngorongoro hadi Simanjiro. Nyasi huja kwa kishindo wakati wa mvua kisha zinapotea, malambo ni machache, na mvua zikifika minyoo nao wanafika kwa wingi. Kondoo asiyeweza hayo alikufa bila kuacha uzao, vizazi kwa vizazi. Aliyebaki ana mkia wa mafuta anaoutumia kama akiba ya kiangazi, nywele fupi badala ya sufu, miguu ya kutembea mbali, na jambo ambalo limewavuta watafiti kwa miaka mingi: anahimili *Haemonchus*, mnyoo wa tumbo la nne anayenyonya damu.

Hapo uelewe hesabu. Mnyoo mmoja hunyonya karibu mililita 0.05 za damu kwa siku. Kondoo mwenye minyoo 1,000 anapoteza mililita 50 kila siku, na mwanakondoo wa kilo 12 hawezi kuzifidia kwa muda mrefu. Mnyoo jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kukiwa na joto na unyevu, yai linatoa kiluwiluwi anayeweza kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Akimezwa, baada ya wiki tatu naye anataga. Ndiyo maana wiki ya nne hadi ya nane tangu mvua zianze ndipo vifo vinapofuatana.

Mwekundu wa Kimaasai naye anapata minyoo, asikudanganye mtu. Tofauti ni kwamba minyoo wanaofanikiwa kukaa ndani yake ni wachache, wanataga kidogo, na damu yake haishuki haraka. Faida ya pili ni kwa kundi zima: mayai yakiwa machache kwenye kinyesi, malisho yanachafuka kidogo na wanakondoo wote wanapumua.

Dorper ni kondoo mzuri sana wa nyama. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 na 1940 kwa kupandisha Dorset Horn na Blackhead Persian. (Huyo Persian, pamoja na jina lake, asili yake ni kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, kwa hiyo nusu ya Dorper ni mtu wa huku kwetu.) Lakini ile kilo 36 kwa miezi mitatu na nusu mnayoisoma kwenye matangazo ni ya malisho mazuri na usimamizi wa karibu. Longido mwezi wa Septemba hakuna hayo.

Sasa pendekezo. Majike 40 wapandwe na madume wekundu wawili, majike 20 wapandwe na Dorper mmoja. Kwa nini 40? Kila mwaka utahitaji kubadilisha karibu moja ya tano ya majike wako, yaani 12. Majike 40 wakiachisha wanakondoo 30, majike watakuwa 15. Unachagua 12 walio bora, watatu unauza. Ukipunguza hao 40 wakawa 25, utajikuta unabakiza chotara ili kujaza pengo, na hapo ndipo mbegu inapoanza kupotea bila wewe kuamua.

Chotara wote wa kwanza, majike kwa madume, wanakwenda mnadani. Wote. Hakuna kubakiza "yule jike mzuri". Wauze kiangazi kirefu kikianza, kabla hawajaanza kula mgongo wao wenyewe.

Kondoo_Kajiado

Nakubaliana na Dakt kwa sehemu kubwa, lakini tusimfanye Dorper kuwa adui. Ukiwa Isinya au Kitengela, karibu na soko la Nairobi, una uzio, una maji ya kisima, na nyasi kavu umefunga marobota, Dorper mwenye damu ya robo tatu analipa. Ukishuka kuelekea Amboseli hesabu inageuka, na ndiyo maana huko wafugaji wengi bado wanataka damu nyekundu ndani ya kondoo wao. Kwa hiyo swali la kwanza ni: una nini cha kumlisha wakati wa kiangazi? Kama jibu ni "tunahama", fuata ushauri wa 40 kwa 20.

Kilichoharibu upande wetu ni namna Dorper walivyoingizwa tangu miaka ya 1970. Walisambazwa, watu wakapandisha kila jike, mtoto akapandwa tena na Dorper, na hakuna aliyepewa mpango wa kubakiza mbegu ya awali. Leo kupata dume mwekundu halisi Kajiado ni kazi. Kundi la kutegemewa linatunzwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kwenye ranchi yao ya Kapiti, Machakos.

Swali lako la tatu: kurudi kunawezekana ila ni safari. Chotara jike wa nusu kwa nusu ukimpandisha na dume mwekundu, mtoto ana 75%. Huyo akipandwa tena na mwekundu, 87.5%. Tena, 93.75%. Kila hatua ni karibu miaka miwili, kwa sababu jike wa nyika huzaa mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Na wakati wote huo lazima uwe na dume halisi, ambaye ndiye aliyeadimika. Kuna watu wanaouza chotara mwekundu kama halisi, na rangi peke yake haikuambii kitu.

Ukinunua dume, usimtazame kichwani, mguse. Peleka vidole mgongoni na mabegani: ukikuta vishada vya sufu vilivyosokotana chini ya nywele, kuna Dorper humo. Mkia wa Dorper ni mrefu na mwembamba, wa mwekundu ni mpana na mzito kuanzia juu. Wa chotara unaanza mnene kidogo halafu unaning'inia mwembamba. Angalia na mama yake na ndugu zake kama wapo bomani: mmoja akiwa na kichwa cheusi na mwili mweupe, ondoka. Ndiyo sababu dume wa kuzalisha hanunuliwi mnadani, huko humwoni mama.

Na mkia wa mafuta siyo mapambo. Mafuta yake yanayeyushwa nyumbani kwa ajili ya mama aliyejifungua na watoto wadogo. Chotara hana mafuta hayo ya kutosha, na akina mama watakuwa wa kwanza kulalamika kabla hujaona hasara nyingine yoyote.

Ranchi_Pwani

Nyongeza fupi kwa wanaosoma wakiwa maeneo ya unyevu, maana huku minyoo hawana likizo. Miaka ya 1990 mbegu hizi mbili zililinganishwa pale Diani, Kwale, kwenye joto na unyevu wa pwani. Wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi kuliko wekundu, na ukihesabu kilo zinazotoka kwa kundi zima, wekundu waliwazidi mara kadhaa ingawa kila mmoja ana umbo dogo. Kwenye nyika kavu pengo hilo linapungua sana. Mtu wa Bagamoyo au Kilifi anayeuliza swali kama la Longido, jibu lake ni gumu zaidi kwa Dorper.

Mfugaji_Longido

Asanteni wakuu, mmenifungua macho. Nimeelewa 40 kwa 20. Sasa mambo ya utekelezaji: huyu Dorper mmoja nikimleta nafanya nini siku za kwanza? Na nitamjuaje mwenye minyoo bila kunywesha kundi zima kila mwezi? Hapa wengi wanasubiri kondoo aharishe ndipo wanunue dawa.

Dakt_Nyika

Wakisubiri kuharisha watazika. *Haemonchus* kwa kawaida haharishi. Kinyesi kinaweza kuwa punje nzuri kabisa huku damu inakwisha. Dalili ni kope nyeupe, kondoo kubaki nyuma ya kundi, kulala njiani, na uvimbe laini wa maji chini ya taya ambao jioni ni mkubwa kuliko asubuhi.

Tumia kadi ya FAMACHA. Ina rangi tano za ukope: 1 ni nyekundu iliyokolea, 5 ni nyeupe. Simama kwenye mwanga wa jua, kidole gumba cha juu kisukume kope ya juu na jicho ndani kidogo, cha chini kivute kope ya chini, utazame sehemu nyekundu zaidi ya utando wa ndani, haraka, ndani ya sekunde chache. Jicho la pili likitofautiana, chukua alama mbaya zaidi. Alama 4 na 5 wanapewa dawa. Alama 3 wanapewa kama ni mwanakondoo, jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha. Alama 1 na 2 waache. Wakati wa mvua pita kundi zima kila wiki mbili, kiangazi kila mwezi inatosha. Usitumie picha ya kadi iliyochapishwa mtaani, rangi hubadilika na alama 3 itasomeka kama 2. Na kumbuka kupauka kope kunaweza kuletwa pia na kupe wengi au minyoo wa ini, kwa hiyo kondoo asiyepata nafuu baada ya dawa ya minyoo achunguzwe.

Majike wanaozaa wana jambo lao. Kuanzia wiki mbili kabla ya kuzaa hadi wiki sita au nane baadaye kinga inalegea na mayai kwenye kinyesi yanaongezeka, hata kwa wekundu. Hao ndio wanaochafua malisho ya watoto wao. Wakague kwa umakini zaidi kipindi hicho.

Dawa. Albendazoli kwa kondoo ni miligramu 5 kwa kilo moja ya uzito (baadhi ya lebo zinapanda hadi 7.5, fuata lebo). Chupa ya 2.5% maana yake mililita 2 kwa kila kilo 10, kwa hiyo jike wa kilo 35 anapata mililita 7. Kosa linalotokea kila mara ni kununua chupa ya 10% ya ng'ombe na kutumia kipimo cha 2.5%: umempa mara nne. Kinyume chake ni baya pia, kwa sababu kipimo pungufu kinaua minyoo dhaifu na kuacha sugu wazaliane. Pima uzito kwa mizani ya kuning'iniza. Kama huna, pima mkubwa wa kila rika kisha toa kipimo chake kwa rika lote. Albendazoli asipewe jike aliye kwenye mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kijusi. Levamisoli inafaa hapo, ila usizidishe: kondoo anatoka povu na kutetemeka, nafasi kati ya kipimo na sumu ni ndogo.

Bomba la kunyweshea lipite pembeni ya mdomo hadi nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa sawa, pua isizidi usawa wa jicho. Ukiinua kichwa juu dawa inaingia mapafuni, na kondoo anayekufa siku mbili baadaye watu husema "dawa ilikuwa feki".

Mgeni wako Dorper: pata kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo, uliza kama amechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Akifika, akae peke yake wiki tatu hadi nne. Siku ya kwanza mpe dawa mbili za makundi tofauti, kwa mfano albendazoli na levamisoli, kila moja kipimo chake kamili, bila kuzichanganya kwenye bomba moja. Saa 48 za kwanza asikanyage malisho. Kinyesi cha siku hizo kifagiliwe na kuchomwa. Shamba linalonywesha dawa kila mwezi lina uwezekano mkubwa wa kuwa na minyoo sugu, na ukimwachia moja kwa moja umenunua minyoo hao pamoja naye.

Jingine ambalo halizungumzwi: kama ametoka mahali pasipo na kupe, akikutana na kupe wa masikio wa kahawia anaweza kupata ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Homa kali, kuhara damu na kamasi, jike mwenye mimba kutupa. Hauna dawa ya kuutibu. Wekundu waliokulia mahali penye kupe hao wanakuwa wameshaupata wakiwa wadogo chini ya kinga ya maziwa ya mama. Lakini kondoo mwekundu aliyetoka eneo lisilo na kupe naye anakufa vilevile, mbegu haimsaidii hapo. Uliza shamba linalouza kama kupe hao wapo kwao.

Mizani_na_Darubini

Kwa kuchagua dume mwekundu wa kubakiza, FAMACHA pekee haitoshi, hesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Kifaa ni slaidi ya McMaster na darubini ya kawaida, ofisi nyingi za mifugo zinavyo.

Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa kwa glavu, siyo ardhini. Kiweke kwenye kibaridi kama huhesabu siku hiyo, la sivyo mayai yataanguliwa. Tengeneza maji ya chumvi yaliyoshiba: karibu gramu 400 za chumvi kwa lita moja ya maji ya moto, hadi nyingine ibaki chini haiyeyuki, kisha yaache yapoe. Pima gramu 3 za kinyesi, ponda kwenye mililita 42 za maji hayo, chuja kwa chujio la chai, koroga, jaza vyumba vyote viwili vya slaidi mara moja kabla mayai hayajapanda. Subiri dakika 5, hesabu ndani ya mistari, jumlisha vyumba viwili, zidisha kwa 50. Hayo ndiyo mayai kwa gramu.

Fanya hivyo kwa madume wadogo wa miezi mitano hadi minane, katikati ya mvua, wakiwa hawajapewa dawa kwa angalau wiki sita, na wote wawe wanachungwa pamoja. Mwenye namba ndogo na kope nyekundu na ukuaji mzuri ndiye wa kubakiza. Ukimchagua kwa ukubwa tu, wakati mwingine unamchagua aliyenyonya peke yake huku wengine ni pacha.

Kipimo hichohicho kinakuambia kama dawa yako bado inafanya kazi. Hesabu kondoo 10 siku ya dawa, warudie siku ya 10 hadi 14. Wastani usiposhuka kwa 95%, na una uhakika wa kipimo cha dawa, una minyoo sugu wa kundi hilo la dawa. Kubadilisha chapa hakusaidii kama kiini ni kilekile. Soma jina dogo la chini kwenye chupa.

Mfugaji_Longido

Nimeandika yote. La mwisho: wote wanachungwa pamoja, mchungaji ni mmoja. Nitawatenganishaje 20 wa Dorper na 40 wa madume wekundu?

Kondoo_Kajiado

Wafunge madume wote watatu kipande cha ngozi tumboni, mbele ya uume, kile cha kienyeji cha kuzuia kupanda. Mchana wanachunga pamoja wakiwa nacho. Jioni gawa boma mara mbili: 20 wenye hereni ya rangi moja na Dorper upande huu, 40 na wekundu upande ule, kisha vua ngozi. Fanya hivyo siku 35, yaani mizunguko miwili ya joto ya siku 17 na ziada. Kagua kamba kila siku mbili. Ikikaza inatoboa ngozi, ikilegea kipande kinakwenda pembeni na umeharibu hesabu yote. Mkojo unaolowesha ngozi huleta vidonda, kwa hiyo kianikwe usiku.

Ukianza Juni mwishoni watazaa Novemba mwishoni kuingia Desemba, vuli ikiwa imeotesha majani, maana mimba ni siku 150 hivi.

Mwangalie Dorper jioni ya kwanza na ya pili kabla giza halijaingia. Dume aliyezoea mkia mwembamba akikutana na mkia mpana anapanda na kuteleza, anapanda tena, hafiki. Mwekundu anajua kuusukuma mkia pembeni. Nunua Dorper aliyevuka mwaka mmoja na nusu na aliyekwisha kuzalisha, na akihangaika, mshikie mkia wa jike kwa mkono mara chache za mwanzo, wengi wanajifunza.

Mpake kila dume kifuani rangi iliyochanganywa na mafuta ya kula ili ujue aliyepandwa. Ngeu usitumie, haionekani kwenye manyoya mekundu. Tumia bluu ya kufulia. Siku ya 18 badilisha, weka masizi. Jike mwenye alama ya bluu akipata na nyeusi juu yake, hakushika mara ya kwanza. Wakiwa wengi wa namna hiyo upande wa Dorper peke yake, tatizo ni dume, mtoe na mrudishie majike hao mwekundu kabla msimu haujapita.